Kasa wa Bwawa la Tatu

Kituoni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Siku aliyoripoti na barua yake ya chuo, viatu vyeupe miguuni na kalamu mbili mfukoni, daktari wa kituo alimtazama kutoka unyayo hadi utosi, kisha akamkabidhi ndoo mbili za plastiki. "Mazoezi ya kazi yanaanzia hapa, binti," alisema. Kwa wiki tatu binti yule alibeba maji, akabeba ngisi wa kulisha wagonjwa, akabeba uchafu wa wagonjwa hao hao, mpaka watu wakamwita Ndoo na jina likamganda.

Wagonjwa wenyewe walikuwa kasa na pomboo waliokwama ufukweni. Wengine walikuwa wamemeza plastiki, wengine wamekatwa na panga za injini za boti, wengine hakuna aliyejua wana nini. Wengi walikufa. Hilo chuoni hawakumwambia. Mwezi wa kwanza peke yake alisaidia kuzika wanyama kumi na mmoja, na kila alipodhani sasa amezoea, alizika mwingine akajua bado.

Ila kasa wa bwawa la tatu alikuwa wake. Alikwenda kumchukua mwenyewe, yeye na Fundi.

Fundi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na miwili, mpole, maneno yake ya kuhesabika, aliyeangalia pampu, mabomba na gari la kituo. Siku hiyo walimkuta kasa jike amebanwa katikati ya mawe, mshipi wa nailoni unaning'inia mdomoni, gamba limekauka kwa jua. Wakamlaza nyuma ya gari juu ya godoro lililoloweshwa. Ndoo akapanda naye, akamfunika kwa taulo mbichi, akawa anamsemesha maneno ya kipuuzi njia nzima. Kila alipoinua macho aliyakuta macho ya Fundi kwenye kioo cha dereva. Mara mbili aliyakwepa. Mara ya tatu akayaacha yamtazame.

Wiki tisa zikapita. Kasa alianza kwa uji wa samaki aliomiminiwa tumboni kwa mpira, akafika mahali pa kula ngisi mkononi mwa Ndoo. Kilo arobaini na moja zikawa hamsini na nane. Alhamisi ilikuwa imepangwa arudishwe baharini. Na Fundi naye alikuwa ameshasema lake, Ndoo akaitikia, na Jumapili wakaenda kwa mama yake Ndoo kumtambulisha Fundi kama mchumba.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ndoo alifika bwawani na bakuli la ngisi. Hakuna kichwa kilichokuja juu.

Alidhani amelala. Akapiga ukingo wa bwawa kwa kiganja, mara mbili, kama walivyozoeana. Maji hayakutikisika. Akainama. Kule pembeni kabisa aliona gamba limelala kwa ubavu, na kikono cha mbele kimezama chote ndani ya tundu la bomba linalonyonya maji. Tundu lile halikuwa na kifuniko.

Bakuli lilimponyoka. Aliruka na nguo zake, maji yakamfika kifuani, akamkumbatia yule kasa na kuvuta. Pampu nayo ilivuta kwa upande wake, na ilikuwa na nguvu kumshinda.

"Zima pampu!" alipiga kelele. "Jamani, zima pampu!"

Fundi alitokeza mbio, fulana ameivaa ndani nje. Hakuuliza kitu. Alikimbilia chumba cha mitambo, ngurumo ikakatika, akarudi na kujitupa majini naye. Wakamtoa pamoja na kumlaza sakafuni.

Daktari alikuja na ndara za nyumbani. Alikuwa mama mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo.

"Kichwa chini, nyuma juu. Maji yatoke," aliamuru. Maji yakatoka, mengi, yenye povu. Akaingiza mpira mwembamba kwenye koo la hewa la kasa, akamkabidhi Ndoo mfuko wa kupulizia. "Bonyeza. Hesabu mpaka kumi, bonyeza tena. Kasa hafi upesi, huyu anaweza kurudi."

Ndoo alibonyeza kwa saa nzima. Alibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi. Fundi alipiga magoti upande wa pili, amekishikilia kile kikono kilichochubuka na kuvimba, macho ameyainamisha chini.

Mwishowe daktari aligusa jicho la kasa kwa ncha ya kidole. Halikupepesa.

"Inatosha, binti."

"Bado kidogo, Daktari."

"Nimesema inatosha." Alimtoa ule mfuko mkononi, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Saa nane tunampasua. Kisu utashika wewe, hii nayo ni kazi uliyokuja kujifunza. Na nataka maelezo ya maandishi. Nani alisafisha bomba, lini, na kifuniko kilikuwa wapi." Akamgeukia Fundi. "Kila mtu na karatasi yake."

Ndoo alijua kifuniko kilikuwa wapi.

Jumapili asubuhi Fundi alikuwa amesimama ndani ya bwawa lile, amezima pampu na kufungua kifuniko cha wavu wa chuma ili atoe nyasi zilizoziba. Hapo ndipo mama alipopiga simu. Mjomba anasafiri, hawezi kungoja mpaka alasiri. Waje saa sita, la sivyo wasije kabisa.

"Acha hiyo, twende," Ndoo alimwambia Fundi, simu bado iko mkononi. "Utafunga tukirudi."

"Ni skrubu nne tu. Nipe dakika kumi."

"Mama hana dakika kumi, wewe humjui. Twende, bwana!"

Fundi alisita. Maji hayawezi kusimama siku nzima, mgonjwa ataumwa upya. Akawasha pampu, akakiegemeza kifuniko ukutani, skrubu nne akazitia mfukoni, akaenda kuvaa shati lake zuri.

Mama alikuwa muuguzi mstaafu, miaka thelathini na moja wodini, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Kwa hiyo wewe unazibua mabomba," alimwambia Fundi.

"Ndiyo, mama. Na pampu, na gari."

"Na mwanangu anakwenda kuwa daktari."

"Ndiyo, mama."

"Hebu nisaidie kuelewa. Jioni mkikaa nyumbani mtazungumza nini?"

Mjomba alikohoa kidogo, akatazama saa yake. Ndoo aliona shingo ya Fundi ikiloa jasho.

"Tutazungumza tulichofanya mchana, mama," Fundi alijibu. "Hata sasa ndivyo tunavyofanya."

Mama hakutabasamu. Alikuja akaziondoa glasi mezani, ya Fundi ikiwa bado nusu, akazipeleka jikoni. Ndoo akalala kwa mama, Fundi akarudi kituoni peke yake jioni hiyo, kifua kimemjaa, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwake akalala. Skrubu zilibaki katika suruali aliyoivua asubuhi.

Ya Jumapili Ndoo aliyakumbuka akiwa amesimama ukumbini, nguo zinamchuruzika maji. Akaenda kumtafuta.

Alimkuta chumba cha mitambo, amempa mgongo. Kulikuwa na kitambaa kimetandikwa juu ya meza ya kazi, na juu yake skrubu tatu. Ya nne ilikuwa imekatika vipande viwili, na pale ilipokatikia chuma kiling'aa, kipya. Fundi alikuwa na koleo mkononi.

"Unafanya nini?" Ndoo aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuona.

Fundi hakugeuka. "Chumvi inakula skrubu. Kila mtu hapa anajua. Kifuniko kinaweza kudondoka chenyewe."

"Hakikudondoka."

"Najua hakikudondoka!" Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Unataka niseme nini? Jana mama yako alinitazama kama tope la kwenye kiatu. Nikavumilia, nikajiambia, potelea mbali, kazi ninayo, siku moja atanizoea. Mkurugenzi akilisikia hili, kesho kazi sina. Nitarudi pale sebuleni nikiwa nani?"

"Kwa hiyo utamdanganya Daktari."

"Mara moja tu. Mara moja, kisha nikuoe, maisha yaendelee."

"Na mimi niandike nini?"

"Andika hukuona kitu. Ulikuwa kwa mama yako."

"Nilikuwa hapa. Nilikuona unazitia mfukoni."

"Ndiyo, ulikuwepo!" alifoka, na ilikuwa mara ya kwanza kumfokea tangu wajuane. "Ulikuwepo, na ni wewe uliyesema niache! Dakika kumi nilikuomba, Ndoo. Dakika kumi!"

Fundi aliweka koleo mezani kana kwamba limemuunguza.

"Sikutaka kusema hivyo," alinong'ona. "Nisamehe. Sikutaka."

"Lakini ni kweli."

"Ndoo..."

"Ni kweli, na nitaandika hivyo hivyo."

"Utajiharibia. Chuo kitakufuta."

"Na kifute." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Yule kasa tumemuua kwa haraka zetu, mimi na wewe. Hilo ningeweza kuishi nalo. Ningelia, ungenibembeleza, tungelibeba wote wawili. Lakini hiyo skrubu hukuivunja kwa haraka. Umekaa hapa, umefikiri, umeshika koleo. Nilikuwa kule nimepiga magoti mbele ya maiti yake, na wewe unafanya hivi."

"Nilikuwa nakutetea wewe na mimi."

"Ulikuwa unajitetea mwenyewe."

Alitoka. Fundi alimwita mara moja tu, kwa lile jina lake halisi ambalo hakuna mtu kituoni aliyelitumia, na yeye akaendelea kutembea.

Saa nane walimlaza kasa chali juu ya meza ya chuma. Daktari alimpa Ndoo kisu na kusimama nyuma yake.

"Pita kando ya gamba la tumbo. Usizame sana. Hivyo hivyo. Mkono usitetemeke, hasikii tena."

Kisu kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Chini ya gamba nyama ilikuwa nyekundu, imejaa, na mafuta ya kijani yamelala kila mahali. Akaendelea kukata kama alivyoelekezwa, hatua kwa hatua, akitaja kila anachokiona ili daktari asikie.

"Mapafu mazito. Yana maji."

"Endelea. Utumbo je?"

Ndoo aliupitisha utumbo vidoleni, polepole, mpaka pale mshipi wa nailoni ulipokuwa umekata wiki tisa nyuma. Pamefunga. Kovu dogo, laini.

"Kidonda kimepona," alisema.

"Kwa hiyo mgonjwa alikuwa na hali gani?"

Ndoo alibaki amelishika lile kovu.

"Nakuuliza, binti. Ukiwa daktari, wenye mnyama watakuuliza, na utatakiwa uwajibu."

"Alikuwa amepona, Daktari. Alikuwa mzima."

"Basi andika hivyo."

Ndoo aliomba ruhusa, akatoka hadi nyuma ya ghala la chakula cha wanyama. Akanawa uso na mikono, akarudi kumaliza kazi.

Maelezo yake yalijaa ukurasa mmoja na nusu. Mwanzo kabisa aliandika kwamba yeye ndiye aliyemwita mfanyakazi aache kazi kabla haijaisha. Skrubu iliyovunjika hakuitaja. Mara tatu aliweka kalamu kwenye karatasi aiandike, mara tatu akaiinua. Ile aliona ni ya Fundi kuisema.

Saa kumi alipeleka karatasi ofisini. Daktari aliisoma mpaka mwisho, kisha akafungua droo, akatoa karatasi nyingine na kuziweka pamoja. Juu yake akaweka kitambaa. Skrubu tatu nzima na moja vipande viwili.

"Mwenzako alikuja nusu saa iliyopita," alisema. "Akaniwekea hizi hapa, akanieleza na habari ya koleo. Mimi sikumuuliza, wala nisingejua."

Ndoo alishika ukingo wa meza.

"Ila kuna jambo," daktari aliendelea. "Karatasi yake inasema aliondoka kwa hiari yake, hakuna aliyemwita. Yako inasema ulimwita wewe. Mmoja wenu ananidanganya."

"Ni yeye, Daktari."

"Najua ni yeye. Wewe uongo utauweka wapi, uso wote unasema." Alivua miwani akayasugua macho. Ghafla alionekana mzee na aliyechoka. "Nimezungumza na mkurugenzi. Anaondoka kesho. Ingekuwa ni kusahau tu, wallahi ningempigania, miaka sita sijaona mtu wa kazi kama yule. Lakini amevunja skrubu makusudi. Hapo nisimamie wapi?"

"Na mimi?"

"Wewe miezi yako mitano haihesabiki. Nitakiandikia chuo kwamba unaanza mwanzo. Ukitaka kuondoka, mlango uko wazi, sitakulaumu."

"Sitaki kuondoka."

"Basi kesho saa kumi na mbili, bwawa la kwanza. Kuna kasa wawili hawajafunguliwa midomo ili walishwe kwa mpira."

Siku ya pili, saa tano za asubuhi, jua likiwa kali juu ya saruji, Fundi alisimama langoni na begi moja. Wafanyakazi wengine walikuwa wameshamuaga, wakatawanyika wakijifanya wana shughuli. Ndoo alikuja akiwa bado na aproni ya mpira, mikono inanuka ngisi.

Walitazamana. Fundi alikuwa hajanyoa ndevu, na alionekana kama mtu aliyetoka kuugua.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna rafiki yangu yuko kwenye shamba la maua, huko ndani, mbali na bahari. Wanahitaji mtu wa pampu."

"Daktari alinionyesha karatasi yako. Ulinitoa lawamani."

"Ndiyo."

"Ulidanganya tena."

Fundi alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Huo mmoja niachie, tafadhali."

Ndoo alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga ngumi kifuani. Hakufanya lolote. Alibaki amesimama, mikono imening'inia.

"Kwa nini hukuja kuniambia kwanza?" aliuliza. "Jana, kabla ya kwenda kwa Daktari?"

"Ungenisamehe, ningekosa nguvu ya kwenda."

Gari la abiria lilionekana mbali barabarani. Fundi akaliona, akaongeza mwendo wa maneno.

"Nitauliza mara moja, na usipojibu nitaelewa. Nikijipanga huko, nikirudi, nitakukuta?"

Ndoo alijifuta mikono kwenye aproni.

"Sijui. Nikifumba macho naiona mikono yako na lile koleo. Nikifumba tena naiona imekishika kikono chake. Sijui nitabaki na ipi."

"Yote ni yangu," Fundi alisema.

"Najua. Ndiyo maana nashindwa kukujibu."

Fundi akamnyoshea mkono. Ndoo akampa wake, wenye baridi, wenye magamba ya samaki kwenye kucha. Fundi aliushika kwa mikono yote miwili, akainamisha paji la uso mpaka likagusa vidole vyake, akabaki hivyo mpaka konda alipopiga bodi ya gari kwa kiganja. Kisha akauachia, akapanda. Alikaa upande wa dirisha. Hakupunga mkono, na Ndoo naye hakupunga. Gari likakata kona ya karakana, vumbi likabaki.

Alirudi bwawa la kwanza kwa mlo wa mchana. Alimfungua kasa wa kwanza mdomo, akampitisha mpira, akamimina uji. Akamfungua wa pili. Alipomaliza, akaenda kukaa kwenye ngazi za ghala, na hapo simu ikaita. Alikuwa mama.

"Mbona huongei tangu jana? Kuna nini?"

Ndoo alimweleza yote, bila kupunguza. Kifuniko, dakika kumi, koleo, karatasi mbili. Alingoja kusikia, nilikwambia mimi.

"Ile skrubu," mama aliuliza, "aliipeleka mwenyewe? Hakubanwa?"

"Mwenyewe, mama."

"Miaka thelathini na moja nimekaa wodini," mama alisema taratibu. "Nimeona dozi zilizokosewa, nimeona faili zilizobadilishwa maandishi. Aliyekuja kusema mwenyewe nilimwona mmoja tu, na hakuwa mimi."

Ndoo alishtuka. Mama hakuwahi kumwambia neno kama hilo.

"Kwa hiyo sasa unamtaka?" aliuliza, na uchungu ukamtoka na swali.

"Sikusema namtaka. Nimekwambia nilichokiona. Ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Unampenda?"

Ndoo alitazama barabara gari lilikopita.

"Ndiyo, mama. Nampenda."

"Haya, mwanangu. Lia. Sikati simu."

Akalia. Alilia kwa sauti pale kwenye ngazi, aproni ameikunja magotini, watu wa kituo wakipita mbali bila kugeuka. Mama hakusema neno lingine. Alisikika tu akipumua, pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, mpaka binti yake akamaliza.